Hariri Iliyopakwa Siagi

Hapa Dongobesh kila kitambaa kinachoteleza kinaitwa hariri. Pazia likiteleza ni hariri. Bitana ya koti ni hariri. Mzee mmoja alivaa tai ya poliesta siku ya kipaimara cha mjukuu wake, akatembea nayo sokoni wiki nzima akiitwa "mzee wa hariri", na akaitikia. Mimi ni fundi cherehani. Baraza langu liko hatua chache kutoka stendi, na nimekaa pale tangu mashine yangu ikiwa bado na rangi. Nakuambia kweli: kama yote yaliyopita mikononi mwangu kwa jina la hariri yangekuwa hariri, viwavi wa China wangekwisha wote, na serikali yao ingenitafuta.

Kwa hiyo mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Tlawi, aliposema anataka shela la hariri, nilimjibu bila kuinua kichwa.

"Ipo. Nyeupe, maziwa, na ile ya rangi ya shaba. Chagua."

"Hariri ya kweli, mjomba. Siyo ya Dongobesh."

Akatoa simu akanionyesha harusi ya kifalme ya Ulaya. Alikuwa ameiangalia mara nyingi kiasi kwamba aliwajua hata farasi. Bibi harusi alishuka garini na gauni lisilo na kijiwe cha kumetameta hata kimoja, mikono mirefu, kitambaa kimetulia mwilini kama maji kwenye beseni. "Unaona halimetameti?" akaniambia. "Linang'aa kwa ndani. Mimi nataka hilo. Siku moja tu, mjomba. Baada ya hapo nitavaa gunia mpaka nife."

Dada yangu, aliyekuja naye, akaguna. "Gunia utalivaa kweli, maana baba yako hana kasri."

Lakini mimi nilikuwa nimeshanogewa. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, kwa masomo ya jioni, dawati moja na dereva wa trekta na mama aliyekuwa akinyonyesha. Mtu aliyesoma hivyo hasahau kitu, kwa sababu kila alichojifunza alikipigania na usingizi. Na hariri tulifundishwa mara mbili: mwalimu wa baiolojia alitufundisha mdudu, mwalimu wa historia akatufundisha wafalme. Nikasimamisha mashine.

Nikawaambia jinsi Wachina wanavyosimulia, kwamba malkia wao alikuwa anakunywa chai chini ya mforosadi, kifuko cha kiwavi kikamdondokea kikombeni, na alipokivuta kikaanza kufumuka uzi mmoja usiokwisha. (Mimi niliongeza kwamba uzi ule ungefika kutoka Dongobesh mpaka Katesh. Mwalimu hakusema hivyo, lakini hakusema haufiki.) Nikawaambia jinsi walivyoificha siri ile vizazi na vizazi, na aliyetorosha mayai ya mdudu aliuawa, mpaka watawa wakayavusha ndani ya fimbo zao. Nikawaambia kwamba wafalme wa Ulaya walipoanza kuozesha binti zao, hariri ikawa ndiyo lugha yao, na malkia mmoja wa Uingereza alipoolewa akiwa amevaa hariri nyeupe, dunia nzima ikaiga nyeupe, mpaka leo sisi wa Mbulu tunadhani nyeupe ilikuja na Injili.

"Na kuna binti wa mfalme," nikasema, "aliyeolewa vita kuu ikiwa imekwisha juzi tu, nguo bado zinagawiwa kwa kuponi. Wanawake wa nchi nzima wakamtumia kuponi zao kwa posta, ikabidi warudishiwe. Na bado watu wakauliza: hao viwavi waliotoa hariri ni wa nchi gani? Wasije wakawa viwavi wa adui!"

Dada yangu alicheka mpaka akashika nguzo. "Kiwavi adui!"

"Ikabidi watangaze kuwa ni viwavi wa China. Marafiki."

Mpwa wangu hakucheka. "Sasa mjomba, kama unayajua yote hayo, nitafutie."

Hapo ndipo nilipojua nimejifunga mwenyewe.

Nilizunguka maduka ya Dongobesh, nikapanda Mbulu mjini, nikashuka mpaka Katesh. Kila duka nilichomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti, kwa sababu hariri ni kitu cha mdudu, inaungua kama nywele. Poliesta inayeyuka na kujikunja kishanga cheusi. Kote nilipata vishanga. Nilipata vishanga vya kutosha kupamba sketi ya ngozi ya bibi harusi wa zamani. Muuza duka mmoja wa Katesh alinifukuza, akasema anauza vitambaa, hauzi mambo ya kuni.

Hariri yenyewe ilikuwa kwa jirani. Karibu na msikiti hapa Dongobesh kuna mama mmoja mjane mwenye duka la vitambaa. Baba yake alitoka Kondoa, marehemu mumewe alikuwa wa Singida, na yeye anaongea Kiiraqw kuliko mimi. Mumewe alipougua, dada yangu ndiye aliyekuwa akimpelekea maziwa kutoka Tlawi kila asubuhi, na urafiki wao ulianzia hapo. Aliposikia natafuta nini aliniita ndani, akafungua sanduku la bati, akatoa kitambaa kirefu kilichokunjwa, rangi ya mtindi mzito.

"Nilifunikwa hiki siku niliyoolewa," akasema. "Ndugu za mume wangu walikileta kutoka Tanga. Hakijawahi kukatwa. Nilikuwa nikimsubiri binti, lakini binti zangu wote walizaliwa wavulana."

"Si ungewapa wao, mama?"

"Wewe fundi, hukusoma dini yetu huko jioni? Mwanamume wetu havai hariri. Mchukulie mtoto wa rafiki yangu. Na usinipe kitu, tafadhali, maana nikianza kuuza harusi yangu nitauza mpaka sufuria."

Nilichomoa uzi pembeni, nikauwasha. Ukaungua taratibu, ukabaki majivu laini, na duka lote likanuka kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa kwa ajili ya supu. Sijawahi kufurahia harufu kama ile, na mimi ni mtu wa supu.

Sasa, nyumbani kwetu kitambaa cha harusi hakikatwi kabla ya bibi wa bibi harusi kukishika, na ni lazima kilale kwake. Bibi ni mama yangu mzazi, anakaa Tumati. Huyu ni mama ambaye enzi zake sketi za ngozi za mabibi harusi zilipita mkononi mwake. Walikuwa wakizikwangua, wakizikanda, wakizipaka siagi asubuhi na jioni mpaka ngozi ya ng'ombe inakuwa laini kama sikio la ndama, ndipo shanga zinashonwa. Kwa hiyo tulimpelekea.

"Shikamoo bibi," mpwa wangu akasema, akampa kitambaa kwa mikono miwili.

"Marahaba mjukuu wangu." Akakipitisha kati ya vidole, akakigeuza, akakinusa. Kilikuwa kimekaa sandukuni miaka, kwa hiyo mikunjo yake ilikuwa migumu na kilitoa mlio kidogo kikikunjwa. "Hii ni pamba?"

"Hapana bibi, imetoka kwa mdudu. Anajifunika nayo, halafu wanamvua."

"Kumbe ni ngozi yake."

"Kama ngozi yake, bibi," mpwa wangu akasema, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama msomi.

Mama yangu akaitikia kwa kichwa pia, polepole. Akasema tukiache kwake, turudi baada ya wiki. Tukala viazi, tukaondoka.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Tuliporudi Tumati, mimi na mpwa wangu, tulimkuta mama yangu ameketi mlangoni juani, mikono yake inang'aa mpaka kwenye kiwiko. Magotini mwake palikuwa na kitu kilichozungushwa kwenye kijiti kama ngozi inayolainishwa. Pembeni kulikuwa na kibuyu cha kusukia maziwa na bakuli la siagi lililokwanguliwa mpaka chini.

"Mmechelewa," akasema kwa furaha. "Njooni mshike. Ilikuwa ngumu, mdudu wenu hakuwa amekandwa vizuri. Nimempa siagi asubuhi na jioni, kila siku. Shika, mjukuu wangu. Shika."

Nimeona ng'ombe akianguka korongoni. Nimeona mvua ya mawe ikilaza ngano ya kijiji kizima. Sijawahi kuona kitu kikinyamaza kama uso wa yule binti. Hariri ilikuwa imegeuka rangi ya mboga za jana, inapitisha mwanga kama karatasi ya maandazi, na nzi wawili walikuwa wanatembea juu yake kama wenye nyumba.

Mimi nilifungua mdomo. Mpwa wangu akanikanyaga mguu, akapiga magoti, akakishika kitambaa.

"Imekuwa laini, bibi. Asante sana. Asante."

"Nilijua," mama yangu akasema. "Mikono yangu haijasahau."

Tulipofika nyuma ya zizi ndipo alipolia. Alilia kimya, kitambaa amekitenga mbali na mwili, asilichafue gauni alilovaa kwa gauni atakalovaa.

"Mjomba, itatoka?"

"Itatoka." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu asiyejua lolote.

"Isipotoka nitavaa hivyo hivyo. Nitasema ndiyo mtindo. Lakini bibi asijue. Umesikia mjomba? Amekaa juani wiki nzima kwa ajili yangu. Asijue."

"Mama yako je?"

"Mama akijua, bibi atajua kabla ya chai kuchemka."

Kwa hiyo tulikuwa na siri, siagi, na siku za kuhesabika kwa vidole. Tulifunga hariri ndani ya mfuko wa nailoni, tukapanda pikipiki kurudi Dongobesh. Mbwa wa Tumati wote walitusindikiza kwa heshima kubwa. Nadhani wengine walitoka wilaya ya jirani.

Njiani nilikuwa nawaza kitu kimoja: kitambaa kile hakikuwa changu wala cha mpwa wangu kwa namna ya kawaida. Kilikuwa harusi ya mtu mwingine. Nikasema bora nife mapema. Tukaenda moja kwa moja kwa yule mama wa karibu na msikiti, tukamkuta anapima shuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mnanuka samli?"

Mpwa wangu alimweleza yote, haraka, macho chini: bibi, ngozi ya mdudu, kibuyu. Mimi nilikuwa naangalia mlango, nikipima kama nitatosha kupita nikikimbia. Mama yule alifungua mfuko, akaangalia ndani. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka, na kicheko kilipotoka kilitoka chote, mpaka mteja wa shuka akaanza kucheka bila kujua ni nini.

"Bibi yako ameipaka siagi asubuhi na jioni?"

"Ndiyo mama."

"Mimi sijawahi kupendwa hivyo hata na mume wangu, Mungu amrehemu." Akajifuta macho. "Nisikilize, mwanangu. Siku niliyoolewa, wifi yangu alinimwagia sahani nzima ya pilau begani, na mchuzi wake. Hiki kitambaa kimeshakula kuku. Nilikifua, kikarudi. Hariri si sukari, haiyeyuki majini."

Ghafla somo likanirudia. Mwalimu wa baiolojia alisema uzi unapotoka kwenye kifuko una gundi ya mdudu, na viwandani huchemshwa na sabuni ili gundi itoke. Nilianza kulieleza kwa nguvu. Halafu nikasita, kwa sababu sikuwa na hakika kama alilisema, au niliota nikiwa nimelala dawatini. "Fundi," yule mama akaniambia, "wewe leta maji."

Tulianza kazi uani kwake. Kwanza tulitandaza kitambaa juu ya shuka kuukuu, tukakinyunyizia unga laini wa mahindi pande zote, kinywe mafuta. Ukabadilika kuwa uji mkavu. Tukapangusa kwa brashi ya nguo, tukamwaga mwingine. Kuku wa jirani waliujadili sana ule unga. Kisha tukakwangua sabuni ya mche kwenye maji ya mvua, vuguvugu kama ya kuogesha mtoto, tukakizamisha. Hakuna kusugua, hakuna kukamua. Unakibonyeza tu kwa viganja, unakiinua, unakibonyeza. Maji yakawa meupe. Tukabadilisha. Yakawa meupe tena. Mimi nilisema kwa maji yale tungeweza kunywesha ndama wote wa Dongobesh, mpwa wangu akasema, "Mjomba, leo usichekeshe," nikanyamaza kabisa, kitu ambacho kilinishangaza hata mimi mwenyewe.

Mwisho maji yalibaki maji. Lakini hariri ikiwa imelowa haikuambii ukweli. Inakuwa nyeusi nyeusi, ina mawingu, na huwezi kujua wingu lipi ni maji na lipi ni siagi. Tulikitundika kivulini, tumekikunjua juu ya kamba mbili, tukakaa chini yake watu watatu kama tunasubiri daktari.

"Pale," mpwa wangu akanyoosha kidole. "Pale katikati."

"Ni maji," mama yule akasema.

"Hapana, mama. Pale pana umbo."

Tukatazama umbo. Mimi niliona ramani ya Hanang, mlima na ziwa lake. Sikusema. Upepo ukaja, kitambaa kikajaa, kikashuka, ramani ikapungua. Ukaja tena. Ziwa likakauka. Mpwa wangu alikuwa ameshika mkono wa yule mama bila kujua, anaukanda kama bibi yake alivyokanda hariri. Halafu pembe ya juu ikaanza kung'aa, siyo kumetameta, kung'aa kwa ndani, na weupe ule ukashuka taratibu, ukapita katikati, ukafika chini, na hakukuwa na kitu. Hakuna wingu. Hakuna ramani. Nilikishika. Mikunjo migumu ya sandukuni ilikuwa imekwenda pia, na kile kimlio chake hakikuwepo.

Mpwa wangu alikaa chini kwenye udongo, miguu mbele, kama mtoto. "Basi," akasema. "Basi, basi." Na mimi, mtu mzima mwenye cheti, nilienda nyuma ya choo nikapenga kamasi kwa muda mrefu.

Nililikata gauni kesho yake, milango imefungwa, nikiomba kila mkasi unapofunga. Nilikuwa nimemsimulia mpwa wangu habari za bibi harusi mwingine wa kifalme aliyebanwa ndani ya gari la farasi, mkia wa hariri ukatoka umekunjamana kama karatasi, dunia nzima inatazama. Kwa hiyo yeye mwenyewe akasema mkia uwe mfupi, maana barabara ya Tlawi ina vumbi lisiloogopa ufalme. Nilishona kwa mkono sehemu ambazo mashine yangu ingekuwa kali nazo. Pasi ya mkaa sikuikaribisha hata kwenye baraza. Niliazima ya umeme, nikapiga kupitia kitambaa chepesi, nikisimama kila mara kuona kama umeme bado upo.

Jumamosi, kanisani Tlawi, dada yangu aliona gauni linaingia akapiga kigelegele kilichowatoa mbuzi wa padri malishoni. Mama mwenye hariri yake alikaa safu ya nyuma, ushungi umefungwa vizuri, akiangalia harusi yake ikipita mara ya pili, na alipoona naangalia akanyanyua mkono mmoja na kubonyeza hewa, hivi, kama tulivyobonyeza kwenye beseni.

Chakulani nilipangwa meza moja na wakubwa: mama yangu, mpwa wangu na mumewe, na shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye heshima zake aliyetoka Katesh. Shangazi alishika mkono wa gauni, akaukanda kati ya vidole, akaukanda tena.

"Mama," akamwambia mama yangu, "shikamoo. Hii nguo mmeifanyaje ikawa laini hivi?"

"Marahaba," mama yangu akajibu. "Siagi."

Niliacha kutafuna.

"Siagi?"

"Ya kibuyu. Asubuhi na jioni. Ilikuja ngumu kama gome, muulize huyu." Akaninyooshea kidole. "Yeye ni msomi, lakini kukanda hajui. Nilikanda mimi, yeye akashona tu."

Shangazi akamgeukia bibi harusi. Bibi harusi alikuwa amekaa wima ndani ya hariri ile, hana doa, hana wasiwasi. Akamtazama bibi yake, akatabasamu, akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule mzee.

"Ni kweli, shangazi. Bibi ndiye aliyeilainisha."

Mama yangu akainua kidevu. Shangazi akasogeza kiti karibu yangu, akashusha sauti kama mtu anayeulizia dawa.

"Fundi, mimi nina binti anaolewa baada ya mavuno. Niambie ukweli: mnatumia siagi ya ng'ombe au ya mbuzi?"

"Ya ng'ombe, shangazi," nikamwambia. "Lakini kwanza tutafute hariri." Na nikaomba niongezewe nyama, maana njaa ya siku nyingi ilikuwa imenirudia yote kwa mara moja.